Wanga ulioganda ndani ya ubongo

Menya viazi mviringo, vikate vya chipsi, uviloweke kwenye beseni la maji. Baada ya robo saa mwaga maji taratibu. Chini utakuta tabaka jeupe, zito, linalokaza ukilibonyeza kwa kidole. Huo ni wanga wa kiazi. Haukuyeyuka, ulizama tu. Udondoshee tone la iodini, ile inayotumika kupima vyakula kwenye maabara za sekondari, na papo hapo unageuka bluu iliyokolea hadi kukaribia weusi.

Mwili wa binadamu nao huweka akiba ya glukosi, sukari inayoupa nguvu, ila si kwa namna hiyo. Akiba yetu inaitwa glaikojeni. Inakaa imeyeyuka ndani ya seli, haizami, na iodini huipa rangi ya kahawia yenye wekundu. Kiazi kina sababu ya kuhifadhi wanga mgumu: kinakaa ardhini miezi na hakina haraka. Msuli wa mtu anayepanda mlima Loleza unataka glukosi sasa hivi.

Upo ugonjwa wa kurithi ambao ndani yake seli za ubongo hurundika kitu kinachofanana zaidi na kile kilichobaki chini ya beseni. Unaitwa ugonjwa wa Lafora, kwa jina la Gonzalo Rodríguez Lafora, daktari wa Kihispania aliyekuwa akifanya kazi Washington, Marekani, alipoyaeleza mabonge hayo mwaka 1911. Aliyaita amiloidi, neno lenye maana ya "kama wanga". Leo neno hilo limehamia kwenye protini zilizoganda, za ugonjwa wa Alzheimer na nyinginezo, na ndiyo maana wanafunzi wengi huchanganyikiwa wanaposoma maandishi ya zamani. Kwa mabonge haya, lakini, Lafora alikuwa amelenga: ni sukari iliyoungana vibaya, protini ndani yake ni kidogo.

Ugonjwa wenyewe ni adimu sana, wagonjwa wachache tu katika kila watu milioni. Pamoja na hayo unafaa kueleweka hata na mtu ambaye hatauona maishani, kwa sababu unaonyesha waziwazi jambo ambalo magonjwa mengi ya ubongo hulificha: seli inaweza kufa kwa kukosa msimamizi, ilhali mafundi na malighafi vyote vipo.

Matawi ndiyo siri

Nenda kwenye shamba la chai Mufindi au Rungwe uutazame mche mmoja. Kwa kuwa umepogolewa na kuchumwa mara kwa mara, umekuwa mfupi, mpana, na juu yake kuna mamia ya ncha changa zilizo sawa kama meza. Mchumaji anakata nyingi kwa dakika moja. Mche huohuo ukiachwa miaka bila kupogolewa unakuwa mti: vijiti virefu, ncha chache, na mchumaji hazifikii.

Glaikojeni nzuri ni ule mche uliopogolewa. Ujenzi wake unaanza na protini ndogo inayoitwa glaikojenini, ambayo hujibandika glukosi za kwanza yenyewe. Kisha kimeng'enya, yaani protini inayoendesha kazi ya kikemia, kinachoitwa glaikojeni sinthasi kinarefusha mnyororo, glukosi moja baada ya nyingine. Mnyororo ukifika urefu wa glukosi 11 hivi, kimeng'enya cha pili, cha matawi, kinakata kipande cha glukosi kama 7 na kukipachika ubavuni. Sasa ncha ni mbili. Kazi inarudiwa, na mwishowe panakuwa na tufe lenye matabaka hadi 12 na glukosi zinazoweza kufika 55,000, likiwa na kipenyo cha nanomita 40 na kidogo. Wastani wa urefu wa kila mnyororo ni glukosi 13 tu. Wingi wa matawi mafupi unaleta faida mbili kwa pamoja: maji yanapenya kati yake, kwa hiyo tufe linayeyuka, na vimeng'enya vya kuvuna vinapata ncha nyingi za kushika.

Ukiacha minyororo irefuke bila matawi ya kutosha, inajisokota miwili miwili kama kamba. Maji yanasukumwa nje. Tufe linapoteza umumunyifu, linashikana na jirani yake, na vimeng'enya vya uvunaji havipati pa kuingilia. Hiyo ndiyo poliglukosani, na mabonge ya Lafora yamejengwa nayo.

Njia ya kwanza ya kufikia hapo ni ya moja kwa moja: kimeng'enya cha matawi chenyewe ni kibovu, kwa kasoro katika jeni ya GBE1. Kikikosekana kabisa au karibu, mtoto huugua ini angali mdogo, na huo ni ugonjwa wa Andersen. Kikipungua tu, mtu anaishi salama hadi utu uzima, halafu anaanza kushindwa kuzuia mkojo, miguu inakakamaa na kupoteza hisia. Hapa hakuna fumbo. Fundi wa matawi hayupo, matawi hayapo.

Lafora ni tofauti, na hapo ndipo wengi hupotea. Kimeng'enya cha matawi kipo kizima, sinthasi ipo nzima, na sehemu kubwa ya glaikojeni ya mgonjwa imejengwa vizuri. Kilichokosekana ni usimamizi.

Alama ya X

Jeni mbili zinahusika. Ya kwanza, EPM2A, iko kwenye kromosomu ya 6 na iligunduliwa mwaka 1998. Inatengeneza protini ya asidi amino 331 iitwayo laforini. Ya pili, EPM2B, ambayo vitabu vingine huiita NHLRC1, iko kwenye kromosomu hiyohiyo lakini mbali na mwenzake, na ilijulikana mwaka 2003. Inatengeneza malini, yenye asidi amino 395. Mtu akiharibikiwa na yoyote kati ya hizo anapata ugonjwa uleule, kwa dalili zilezile. Jambo hilo peke yake linatosha kukuambia kwamba protini hizi mbili zinafanya kazi moja.

Kila aliyepita kwenye barabara kuu wakati wa upanuzi anaijua alama ya X nyekundu kwenye ukuta wa nyumba iliyo ndani ya hifadhi ya barabara. Ile rangi haibomoi kitu, kazi yake ni kumwonyesha mwenye katapila wapi pa kupiga. Ndani ya seli rangi hiyo ni protini ndogo inayoitwa yubikuitini, na katapila ni mtambo uitwao proteasomu. Malini ndiye mshika brashi: kazi yake ni kuipaka protini nyingine yubikuitini. Ila malini peke yake haifiki vizuri kwenye eneo la kazi. Laforini ina sehemu maalumu ya kushika sukari, inayopenda hasa minyororo mirefu, yaani ile iliyoanza kuharibika. Inajishikiza pale na kumvuta malini.

Mara wawili hawa wanapofika, nini kinapakwa X? Hapa wataalamu bado wanavutana, na ni vizuri msomaji ajue mahali penye ubishi. Majaribio ya kwenye seli yameonyesha malini ikizitia alama protini kadhaa: glaikojeni sinthasi yenyewe, protini iitwayo PTG inayoichochea sinthasi ifanye kazi, na hata laforini, mwenzake wa kazi. Maelezo yanayokubalika zaidi ni kwamba, tufe la glaikojeni linapoanza kupata minyororo mirefu, wawili hawa wanapunguza kasi ya sinthasi papo hapo ili kimeng'enya cha matawi kipate nafasi ya kuiwahi. Urefushaji ukiukimbia upachikaji wa matawi, tufe limeharibika. Usimamizi ukiwepo, mizani inarudi.

Maelezo mengine yaliyotawala kwa miaka mingi yalihusu fosfeti, kikundi kidogo cha fosforasi na oksijeni kinachojibandika kwenye glukosi. Laforini ni kimeng'enya cha kuondoa fosfeti, na glaikojeni ya wanyama walionyimwa laforini ina fosfeti nyingi kupita kawaida. Kwenye msuli wa kawaida fosfeti ni moja katika kila glukosi 650 hadi 1,500. Wanga wa kiazi, kwa kulinganisha, una fosfeti nyingi kuliko wanga wa mazao mengi, na mmea unazitumia makusudi kuilegeza minyororo kabla ya kuivunja. Kwa hiyo wazo lilikuwa hili: fosfeti inabaki, tufe linaharibika. Lilikuwa wazo zuri, likakwama kwenye panya. Watafiti waliwapa panya wasio na laforini aina ya laforini iliyoondolewa uwezo wa kutoa fosfeti, ila bado inashika sukari na bado inamvuta malini. Fosfeti zilibaki nyingi, mabonge hayakutokea. Kwa maoni yetu hilo limemaliza sehemu kubwa ya ubishi: fosfeti ni dalili inayoandamana na tatizo, mzizi wake ni urefu wa minyororo.

Kwa nini ubongo, na kwa nini miaka 14

Mabonge haya hayako kwenye ubongo tu. Yapo kwenye ini, moyo, misuli na ngozi. Ila ini la mgonjwa huendelea na kazi yake, moyo kwa kawaida hali kadhalika. Seli ya neva haina anasa hiyo. Kwa kawaida yake ina glaikojeni kidogo mno; akiba kubwa ya ubongo iko kwenye seli saidizi zinazoizunguka, astrosaiti. Seli ya neva pia haigawanyiki, kwa hiyo haiwezi kuugawa uchafu wake kwa seli mbili mpya. Na matawi yake ya kupokea ujumbe ni membamba. Bonge ambalo kwenye seli ya ini lingekaa pembeni tu, hapa linaziba njia. Panya waliolazimishwa kutengeneza glaikojeni nyingi ndani ya seli za neva walizipoteza seli hizo, hata laforini na malini zikiwa nzima. Astrosaiti zenye mabonge nazo huchochea uvimbe unaozidisha madhara.

Kasoro ya jeni ipo tangu mimba. Mabonge yanajengeka polepole, mwaka hadi mwaka, na mtoto anakimbia, anasoma, anafaulu. Dalili kwa kawaida huanza kati ya miaka 8 na 19, na zaidi karibu na miaka 14 hadi 16. Yaani kidato cha kwanza au cha pili.

Kinachoonekana nyumbani

Mara nyingi kinachotangulia ni kifafa cha kawaida kabisa kwa macho: kijana anaanguka, anakakamaa, anarusha viungo. Pamoja nacho kuna mishtuko ya ghafla ya misuli, hasa asubuhi au akichoka: kikombe cha chai kinamruka mkononi, kalamu inakwaruza daftari. Wengine huona mianga au vitu visivyokuwepo kwa sekunde chache, au kupoteza kuona kwa muda, kwa kuwa sehemu ya nyuma ya ubongo inayoshughulika na kuona huguswa mapema. Mwanga wa kumetameta huchochea. Jua linalopita kati ya mashina ya mipaina wakati basi linakatiza Sao Hill linatosha.

Katika hatua hii daktari mzuri kabisa anaweza kuandika kifafa cha mishtuko cha ujana, ambacho si cha kuua na hutulia kwa dawa. Hana kosa. Kinachotofautisha ni muda. Ndani ya mwaka mmoja au miwili kijana wa Lafora anaanza kushuka darasani, anakuwa mzito wa maneno, mwendo unayumba, na mishtuko inamfuata hata akiwa ametulia. Dawa iliyokuwa ikifanya kazi inaacha kufanya kazi. EEG, kipimo cha umeme wa ubongo, inaonyesha mawimbi ya msingi yanazidi kupungua kasi, ilhali MRI, picha ya ubongo, mwanzoni inaweza kuwa safi kabisa. Kwa wengi maisha hayazidi miaka kama 10 tangu dalili za kwanza, na mara nyingi kinachoua ni kifafa kisichokatika au nimonia inayotokana na chakula kupalia.

Nyanda za Juu Kusini, hata hivyo, kijana mwenye kifafa asifikiriwe Lafora kwanza. Hapa kuna sababu za kawaida zaidi, na baadhi zinatibika. Ya kwanza ni tegu wa nguruwe. Maeneo ya Mbozi, Mbeya vijijini na mengine yanayofuga nguruwe wa kuzurura yanajulikana kwa tatizo hili, nalo linaeleweka vibaya: kula kitimoto kisichoiva kunakupa mnyoo tumboni, ila viluwiluwi vya ubongoni vinatokana na kumeza mayai yanayotoka kwenye kinyesi cha mtu mwenye mnyoo. Asiyeonja nguruwe maisha yake yote anaweza kuvipata kupitia mboga au mikono ya mpishi. CT-scan huonyesha vifuko au makovu ya chokaa. Praziquantel, dawa ya minyoo, isinunuliwe dukani na kupewa mtu mwenye kifafa kienyeji, kwa sababu viluwiluwi vikifa kwa pamoja ubongo unavimba. Ya pili ni usubi, minyoo inayoenezwa na inzi wadogo weusi wa mito iendayo kasi, kama ya Rungwe na Kyela. Huambatana na kifafa cha utotoni, pamoja na kile cha kusinzia kichwa kinachojulikana sana Mahenge. Ya tatu ni surua ya utotoni, ambayo kwa nadra hurudi ubongoni miaka baadaye, na kijana anashuka akili huku akishtuka misuli, karibu sana na picha ya Lafora. Hizo zikishatolewa ndipo Lafora inapata nafasi.

Kipande cha ngozi

Uzuri mmoja wa ugonjwa huu, kama neno uzuri linafaa, ni kwamba ushahidi wake unapatikana bila kugusa ubongo. Ngozi inatiwa ganzi, kinatolewa kipande cha milimita 3 au 4, kinawekwa kwenye fomalini ya asilimia 10. Maabara inakata vipande viwili sambamba na kuvipaka rangi ya PAS, inayogeuza sukari kuwa na wekundu wa zambarau. Kabla ya kupakwa, kipande kimoja kinalowekwa kwenye daiastesi, kimeng'enya kinachokula glaikojeni nzuri. Kwenye kipande hicho glaikojeni ya kawaida inatoweka. Mabonge ya Lafora yanabaki, mekundu vilevile.

Kosa linalojirudia ni mahali pa kusoma. Ngozi ya kwapa ina tezi kubwa za jasho zenye harufu, na tezi hizo kwa mtu mzima wa afya zina chembechembe zinazoshika rangi ileile. Msomaji mwenye pupa anaandika Lafora kwa mtu asiye nayo. Panapotakiwa kutazamwa ni seli za mirija ya tezi za kawaida za jasho. Ndiyo maana wengine huchukua ngozi ya mkono badala ya kwapa. Na hata ngozi ikikosa mabonge, hasa mwanzoni mwa ugonjwa, jibu hilo halifungi mlango. Kinachofunga ni kusomwa kwa jeni zote mbili kutoka kwenye damu ya mililita chache iliyowekwa kwenye chupa ya EDTA.

Si mkono wa mtu

Bibi akiuliza kama ni mkono wa mtu, jibu halihitaji kumdharau. "Hapana, bibi. Baba alimpa jeni moja yenye kasoro, na mama alimpa nyingine. Wao wenyewe wazima kwa sababu kila mmoja amebaki na jeni moja nzuri, na moja inatosha." Chukua sarafu mbili za shilingi 200, moja ya baba na moja ya mama, uzirushe pamoja. Zote mbili zikionyesha kichwa, mtoto anaugua: nafasi moja kati ya nne. Rusha tena, na nafasi ni ileile. Sarafu hazikumbuki. Familia nyingi hufikiri kwamba mmoja akishaugua basi watatu wanaofuata wamesalimika, na si kweli. Kati ya ndugu ambao ni wazima, wawili katika kila watatu wamebeba jeni moja yenye kasoro bila madhara yoyote kwao. Pale ambapo mtoto wa mjomba ameoana na mtoto wa shangazi, uwezekano wa kasoro mbili zilezile kukutana unapanda.

Povu la mgonjwa haliambukizi. Sukari ya damu yake ni ya kawaida. Huu si ugonjwa wa kisukari. Na kumnyima ugali hakusaidii: mlo wa mafuta mengi na wanga kidogo ulijaribiwa kwa wagonjwa wachache na haukuzuia ugonjwa kuendelea.

Kwenye dawa kuna jambo moja ambalo zahanati yoyote inaweza kulitendea kazi leo. Karbamazepini na fenitoini, zinazotolewa sana kwa kifafa, zinaweza kuzidisha mishtuko ya misuli, lamotrijini pia. Kijana anayeshtuka zaidi tangu aanzishiwe karbamazepini apelekwe akaangaliwe upya, asiongezewe dozi kwa mazoea, wala dawa isikatwe ghafla nyumbani. Valproeti ndiyo inayoanza mara nyingi, ikisaidiwa na levetirasetamu au klonazepamu. Kwa msichana valproeti ina hatari kubwa kwa mimba, na kwa mgonjwa ambaye shida yake hasa ni ya mitokondria, vinu vya nishati vya seli, inaweza kuharibu ini, kwa hiyo isitolewe kwa kubahatisha. Kumeza kukianza kuwa shida, uji mzito ni salama kuliko maji, na mgonjwa alishwe ameketi wima.

Kuzima chanzo

Kama tatizo ni urefushaji uliokosa msimamizi, huenda si lazima kumrudisha msimamizi. Punguza urefushaji wenyewe. Mwaka 2011 panya wasio na laforini walizalishwa wakiwa pia hawana PTG, ile protini inayoichochea sinthasi. Mabonge yalitoweka karibu yote, na kifafa pamoja nayo. Majaribio yaliyofuata yalipunguza sinthasi yenyewe, na hata kuipunguza nusu kulitosha kuleta nafuu kubwa.

Hapo ndipo zilipotoka tiba zinazofanyiwa kazi sasa. Moja ni vipande vifupi vinavyofanana na RNA, vinavyodungwa kwenye maji ya uti wa mgongo kwa sindano kama ile ya kupimia homa ya uti wa mgongo, ili kunyamazisha ujumbe wa jeni ya GYS1 inayotengeneza sinthasi ya ubongo na misuli. Ini linatumia jeni nyingine, GYS2, kwa hiyo halihusiki. Nyingine ni amilesi, kimeng'enya kilekile kinachovunja wanga wa ugali, kikiunganishwa na kipande cha kingamwili kinachokiingiza ndani ya seli. Kwa panya kimeyayeyusha mabonge yaliyokwisha kujengeka. Hakuna hata moja iliyoidhinishwa kwa wagonjwa.

Tofauti kati ya hizo mbili ina uzito wake. Sindano ya kunyamazisha jeni huzuia mabonge mapya, ila yaliyopo kwa panya wakubwa hayakuondoka. Hiyo ina maana kwamba itamfaa zaidi mdogo wa mgonjwa, yule wa miaka minane ambaye bado anashika nafasi ya tatu darasani, kuliko mgonjwa mwenyewe. Na kumjua huyo kunahitaji kumpima akiwa mzima, wakati hakuna dawa ya kumpa. Kwa sasa wataalamu wengi wa jeni hawampimi mtoto asiye na dalili. Wanaandika ukoo, wanahifadhi majibu ya kaka yake, na kuwaambia wazazi warudi tiba itakapopatikana.